Kombe Lililokosea Kinywa

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni, ufagio mkononi, namngoja Rukaya arudi.

Kwa ambaye gazeti lile lilimfungia maandazi, nirudie kidogo. Mimi ni mama wa Chang'ombe, hapa Dodoma, elimu yangu darasa la saba. Mume wangu Mbaruku anauza mitumba soko la Majengo. Rukaya ni mtoto wetu wa pekee, amemaliza kidato cha nne, na amepata mchumba. Imrani, kijana wa duka la spea, mtoto wa Bi Shamila. Watu wa heshima zao, watu wa swala. Bi Shamila alimwona Rukaya kwenye arusi moja akampenda, akasema, "Pete nitaileta mwenyewe, Idd."

Ambacho Bi Shamila hakukijua ni kwamba mwanangu alikwisha kuposwa. Na bendi.

Inaitwa Radi Kavu. Vijana wanne wa papa hapa mjini, wanapiga roki, kelele kama mashine ya kusaga iliyomeza msumari. Sisi tulikuwa na dansi, mtu anacheza amevaa tai. Zama hizi za ruksa kila kitu kimeingia: video, suruali zilizochanwa makusudi, na hiyo roki.

Wapo wanaoipenda bendi kama mtu anavyopenda chai. Rukaya wangu alikuwa anakwenda kufagia ukumbi kabla hawajapiga, bila kuombwa na mtu. Nyumbani kufagia mpaka tugombane. Jua la Dodoma mnalijua, yeye kavaa nyeusi juu mpaka chini. Yoramu, mkubwa wao, alikata waya wa gitaa jukwaani. Mwanangu akauokota akauzungusha mkononi kama bangili. Haujavuliwa mpaka leo.

Bi Shamila aliuona ule waya siku ile ile ya arusi.

"Huu nao wa nini, Mama Rukaya?"

"Wa baridi yabisi," nikasema. "Viungo vinamsumbua."

"Maskini! Mdogo vile?"

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Wadogo zake mtawaona leo.

Basi, siku ile ilikuwa ya vunja jungu, watu wanakula na kucheza kwa mara ya mwisho kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Radi Kavu walipiga tangu adhuhuri. Rukaya akaingia jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope.

"Ulikuwa wapi?"

Akafungua mdomo. Haikutoka sauti. Kilitoka kitu kama upepo wa tairi linalovuja. Mtoto amepiga kelele kule ukumbini mpaka sauti imekatika!

"Mpe tangawizi," akasema Mbaruku, hata redio hajaipunguza.

"Tangawizi itamtoa Radi Kavu moyoni?"

"Wewe ulisema koo."

Wanaume. Kesho yake, Ramadhani ya kwanza, nikajifunga kanga, nikaenda kwa Maalim Hanifu.

Maalim anaandika kombe. Kwa asiyejua: anachukua sahani nyeupe, anaandika aya kwa zafarani, anaiosha kwa maji na marashi ya waridi, mgonjwa anakunywa. Mama yangu alinywa, bibi yangu alinywa.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Binti yangu, Maalim."

"Anaumwa nini?"

"Magitaa."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote: nyeusi, waya, ufagio wa ukumbini, pete inayokuja Idd.

"Sasa unaomba nini hasa?"

"Atakayekunywa aache makelele ya dunia. Arudi kwa Mungu wake na kwa wazazi wake. Basi."

"Mama Rukaya, sikiliza. Hii ni dua, si sumu ya panya ukaitega pembeni ukasubiri. Anayekunywa ajue anakunywa nini, na anuie mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Usimdanganye."

"Mwanangu? Nimdanganye wa nini?"

Nikafika nyumbani, nikalitia kombe kwenye chupa ya sharubati, nikamwita Rukaya.

"Dawa ya koo hii. Kunywa kidogo kila ukifuturu."

Niambieni ningesemaje. Ningemwambia "Kunywa uisahau bendi yako"? Angelimwagia kuku!

Rukaya akaifungua, akainusa. Akaninong'oneza, maana sauti bado haikuwepo, "Kweli inarudisha sauti, mama?"

"Wallahi."

Niliapa. Mchana wa Ramadhani. Msinitazame hivyo.

Macho yakamjaa machozi, akanikumbatia. Mwaka mzima alikuwa hajanikumbatia yule. Nikajisemea, kombe hata halijanywewa limeanza kazi.

Na kwa kweli chupa ilipungua. Kila nikiitazama imepungua. Rukaya naye akapungua, namaanisha makeke. Redio kaseti kimya. Nguo nyeusi zimefuliwa, zimekunjwa, zimewekwa juu ya kabati. Anapika uji, anaosha vyombo, anakaa jikoni anatazama ukuta. Sauti ikamrudia polepole, lakini hakuitumia kwa lolote zaidi ya "ndiyo, mama" na "hapana, mama".

Nikamfuata Mbaruku mpaka uani. "Unaona? Unaona mtoto alivyotulia?"

Alikuwa anafunga mzigo wa mitumba, anavumisha wimbo kwa pua. Nikatega sikio.

"Nyesha, nyesha, vumbi limechoka..."

"Wimbo gani huo, Baba Rukaya?"

"Upi?"

"Huo unaouimba!"

"Aah. Nimeusikia tu huko sokoni. Kwani kosa? Si wanaomba mvua hao?"

Mvua kweli mwaka ule ilikuwa imegoma. Lakini Radi Kavu ndio wa kutuombea?

Nikamsamehe. Nilikuwa na furaha. Nikaanza kushona gauni la pete, nikapaka mlango wa mbele rangi ya bluu kwa ajili ya wageni.

Ndipo akaja Priska.

Priska ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, kwao Buigiri. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresma zilipandana, kwa hiyo mtaa mzima una njaa na mtaa mzima una hasira. Yeye peke yake anacheka.

"Mama Rukaya, Mungu ni mwema! Sostenes amerudi kwao!"

"Sostenes yupi?"

"Wa kaka yangu. Yule aliyekuwa anapayuka na Radi Kavu."

Nikaacha sindano. Sostenes ndiye mwimbaji wao, ndiye bendi yenyewe. "Amerudi vipi?"

"Siku ile ya vunja jungu kapayuka mpaka sauti ikakauka kabisa. Kijana akaingia hofu, akasema nimekwisha. Basi shabiki wao mmoja akamletea dawa. Kunywa, kunywa, mara sauti hiyo! Akalia kama mtoto. Akasema huyu ni Mungu ananiita, makelele ya dunia basi. Yuko Buigiri kwa baba yake, anafanya mazoezi ya kwaya ya Pasaka."

"Dawa gani hiyo?"

"Sijui. Ina rangi ya manjano."

"Manjano?"

"Na inanukia waridi. Shoga yangu, ukijua inauzwa wapi niambie. Mume wangu naye ana vitabia vyake."

Nilikaa. Hapakuwa na kiti, nikakaa hivyo hivyo kwenye ndoo.

Priska hata hajafika kwake, mimi niko jikoni.

"Rukaya! Ile dawa umekunywa?"

Akazidi kukoroga uji.

"Nakuuliza wewe!"

"Sikunywa."

"Hata tone?"

"Hata tone. Nilikuwa nampelekea Sostenes kidogo kidogo, kwenye kichupa."

"Nimekupa wewe! Koo lako ndilo lililokauka!"

Akaniangalia kama vile mjinga ni mimi. "Sasa sauti yangu mimi ya nini, mama? Anayeimba si yeye?"

Wazazi wenzangu, shabiki ndivyo alivyo. Mpe maji yuko jangwani, atayapeleka kwa mpiga ngoma.

"Na ameacha bendi!" nikasema.

"Najua."

"Ndiyo maana umetulia hivi?"

"Nimefiwa, mama." Akaanza kulia, machozi yanaingia kwenye sufuria ya uji. "Nimempa dawa apone, akapona, akaniachia bendi imekufa. Kwani ile dawa uliitia nini?"

"Tangawizi," nikasema.

Huo nao uongo, mdogo wao wa tatu. Au wa nne, nimepoteza hesabu.

Nikarudi kwa Maalim mbio, kanga inaburuta.

"Limenywewa na mtu mwingine!"

"Nani?"

"Mkristo wa Buigiri!"

Maalim akavuta ndevu. "Na ameacha makelele?"

"Ameacha."

"Amerudi kwa Mungu wake?"

"Anaimba kwaya."

"Na kwa wazazi wake?"

"Yuko kwa baba yake, Maalim, lakini..."

"Basi dua yako imejibiwa neno kwa neno. Ulimwambia binti yako anachokunywa?"

Nikatazama jamvi.

"Nenda," akasema. "Nikuandikie jingine la nini? Mwambie ukweli mtoto. Hilo halihitaji zafarani."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwendea kwa shida, akanipa mafunzo. Lakini njiani nikapata wazo: bendi isiyo na mwimbaji ni bendi gani? Huenda Mungu amenitengenezea mambo kwa njia ya Buigiri! Nikaona bora nihakikishe.

Yoramu, mkubwa wa Radi Kavu, mchana hutengeneza redio kwenye duka la Mzee Bhagwati. Nikamkuta ameinama juu ya spika, nywele kama kichaka cha mkwaju.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia Idd Pili mlitaka kupiga."

"Tulitaka, mama. Mzee Bhagwati alikwisha kutupa na pikapu ya matangazo. Sasa Sostenes katukimbia."

"Kwa hiyo hampigi."

"Tutapiga na nani? Nyimbo zetu anazijua mtu mmoja tu mji mzima, mstari kwa mstari, na huyo si mwanabendi."

"Pole sana, mwanangu," nikasema. Nikampa na tende, nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nikatoka pale natembea kama bibi arusi.

Sikuuliza huyo mtu mmoja ni nani.

Msomaji, wewe umeshajua. Mimi sikujua. Nilikuwa nawaza pilau.

Idd Mosi ikapita salama. Idd Pili baada ya swala ya adhuhuri nyumba inanukia iliki, makochi yamevikwa vitambaa, Mbaruku kavaa kanzu ya arusi yake ingawa imembana. Rukaya amepakwa hina, kavaa gauni nililolishona. Malaika. Waya tu ndio aliokataa kuuvua, nikamshushia mkono wa gauni.

"Mama, barafu hatuna," akasema. "Niende kwa mama Priska kwenye friji?"

"Nenda, urudi upesi. Wageni wako njiani."

Alisimama mlangoni, akanitazama. "Mama, ile dawa kweli ilikuwa tangawizi?"

Hapo ndipo Maalim aliponiambia niseme. Hapo hapo. Mlango wa bluu, mtoto amesimama, hakuna mtu anayesikiliza.

"Tangawizi," nikasema. "Kimbia."

Akakimbia.

Bi Shamila akafika na dada zake wawili na sinia la visheti. Buibui jipya, udi unatangulia mita kumi. Tukaamkiana, tukapeana mikono ya Idd, sharubati ikaenda, visheti vikaenda. Pete nikaiona imefungwa kwenye leso, kaipakata.

"Mwali yuko wapi?"

"Anavaa," nikasema.

"Na baridi yabisi inaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, imepungua."

Mbaruku akakohoa.

Sharubati ya pili. Bi Shamila akatazama pazia la chumbani. Nami nikatazama pazia, kama vile kuna mtu nyuma yake.

"Wasichana wa siku hizi kwa kuvaa!" nikasema.

"Mwache ajipambe," akasema. "Siku yake."

Ndipo zikasikika kutoka upande wa barabara kubwa. Gitaa kwanza, halafu ngoma. Watoto wa mtaa wakaanza kukimbia. Pikapu ya Bhagwati inakuja, spika juu, jenereta nyuma, na sauti ya mwanamke inapanda juu ya paa za Chang'ombe:

"Nyesha, nyesha, vumbi limechoka! Nyesha, nyesha, na sisi tumechoka!"

Ile sauti niliinyonyesha. Nilijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Hata mchana wa Idd?" akasema dada mmoja.

"Roki hiyo," nikasema haraka. "Wahuni wa mjini. Niwafungie dirisha?"

"Acha kidogo." Bi Shamila ameinamisha kichwa, kidole gumba cha mguu kinapiga zulia. "Makelele ni makelele. Lakini huyo binti sauti anayo. Ingekuwa ya kusoma maulidi, tungelia hapa."

Mungu wangu, nikasema, ipite. Ipite tu.

Pikapu haikupita. Ilisimama mbele ya mlango wangu wa bluu.

Ngoma zikanyamaza. Kipaza sauti kikalia "twiii", halafu:

"Idd mubarak, Chang'ombe! Sitasema mengi, tunaelekea ukumbini. Ila wimbo unaofuata ni zawadi ya Idd kwa mama yangu. Sauti yangu ilipokauka, wengine wote walinifokea, yeye akanitafutia dawa. Ile dawa ndiyo iliyonileta hapa nilipo. Mama Rukaya, shikamoo!"

Mtaa mzima ukaitikia. "Marahabaaa!"

Sebuleni kwangu kisheti kikamdondoka dada mmoja.

Bi Shamila akainuka taratibu, akaenda dirishani, akasogeza pazia. Rukaya yuko juu ya pikapu, gauni langu la pete limefungwa fundo magotini. Yoramu pembeni yake. Mwanangu amenyanyua mkono kuwapungia watu, na mkono wa gauni umeshuka mpaka kwenye kiwiko. Waya unawaka jua.

"Mama Rukaya."

"Abee."

"Ule ndio waya wa baridi yabisi?"

Nilitafuta uongo. Wallahi nilitafuta, na safari hii sikuupata hata mmoja. Siku zote walikuwa wanakuja wenyewe.

Nikamgeukia Mbaruku anisaidie. Mbaruku amekaa kwenye kochi, mikono magotini, macho kwenye dari, midomo inacheza. Nyesha, nyesha.

"Na dawa?" Bi Shamila akauliza. "Umempa mtoto dawa gani ikampandisha kule?"

"Lilikuwa kombe, bibi," nikasema. "La kumzuia. Sikumwambia. Akampa mwimbaji wao, mwimbaji akaacha, na mwanangu ndiye anayezijua nyimbo."

Huo ukawa ukweli wangu wa kwanza tangu vunja jungu, na niliusema kwa mtu asiyestahili. Aliyestahili yuko juu ya gari.

Dada zake wakaanza kukusanya mabuibui. Bi Shamila hakuwatazama. Alifungua leso, akaitazama pete, akaifunga tena. Akavaa viatu.

"Bi Shamila, tafadhali, kaa tuzungumze. Mtoto ni mmoja tu!"

"Nimekuja kumwona mwali," akasema. "Uliniambia anavaa. Naona amekwisha kuvaa."

Akatoka. Nikamfuata mpaka kizingitini, nikaushika mlango. Watoto wakampisha njia. Wenye baiskeli wakashuka. Priska yuko kwenye ukuta wake na bakuli la barafu, inayeyuka inamdondokea miguuni.

Mwanamke mzima yule, mwenye hija yake, akakunja buibui, akaweka mguu mmoja juu ya tairi la pikapu.

Rukaya akashusha kipaza sauti. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Halafu akainama akamshushia mkono, ule ule wenye waya, akamvuta juu.

Wakasimama uso kwa uso, leso katikati yao.

Na kipaza sauti hakuna aliyekizima.